Simu ya Upepo Iliyobaki Temeke

Hebu niambie, mwenzangu: umewahi kusema neno la mzaha mbele ya watu, wakacheka nawe ukacheka, kisha neno lile likatoka nje ya mlango wako likaenda kufanya kazi ambayo hukulituma?

Hamisa binti Hija alilisema neno la namna hiyo siku ya Jumapili, baada ya sala ya alasiri, mwaka wa hamsini na tatu. Alikuwa nyumbani kwake Temeke, katika zile nyumba za serikali za vyumba viwili ambazo kuta zake zilikuwa bado zinanuka chokaa mbichi. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikaa juu ya mbuzi nyuma ya pazia anakuna nazi, sahani ya bati chini, na sebuleni walikuwamo wanaume watatu wanakunywa kahawa: mumewe Marijani, jirani yao Revelian, na mgeni wao Bwana Gulamali Remtulla.

Marijani alikuwa fundi wa simu ya upepo, ile ya kusemeshana hewani bila nguzo za waya. Kazi ile aliipata vitani Bama, huko Asia, alikopelekwa na jeshi la Kiingereza, akarudi bila kidole kimoja cha mkono wa kushoto lakini na ujuzi ambao watu weusi wachache walikuwa nao siku zile. Kila asubuhi alipanda baiskeli kwenda Kurasini, kwenye karakana ya bandarini, kutengeneza vyombo vya simu vya meli ndogondogo. Mtu mpole, mwembamba, hapandishi sauti.

Revelian alitoka Bukoba, fundi wa mashine, mikono yake haikutakata hata akiisugua kwa majivu na limau. Mkewe Auleria na Hamisa walikuwa mashoga wa kuazimana kinu na mchi. Auleria alikuwa akimtania Hamisa kwamba watu wa pwani wanakula wali mpaka akili zinanata, naye Hamisa akimjibu kwamba afadhali wali kuliko kuamka na ndizi, kushinda na ndizi na kulala na ndizi kama nyani wa shambani. Wakicheka hivyo, wakapakuliana.

Na Bwana Gulamali alikuwa na duka mjini la kamba, rangi, misumari na matanga. Hakuwa tajiri mkubwa kama watu walivyomdhania, ila alikuwa na tabia ya kuuliza. Hakununua hata ndoo bila kuwauliza watu watano. Mwaka ule alikuwa amenunua motaboti kuukuu iliyokuwa ikitumika bandarini, akaitengenezesha upya Kurasini, akaipaka rangi nyeupe na mstari wa buluu, akaiandika ubavuni jina la mama yake, Nurbanu. Ikapandishwa juu ya behewa la treni mpaka Mwanza. Ilikuwa ichukue chumvi na majora ya nguo kwenda Bukoba na visiwani, irudi na kahawa. Nahodha alikwisha kupatikana huko huko, mtu mmoja aitwaye Gregori. Wa kuishughulikia mashine alikuwa Revelian, aliyefurahi sana kuona kwamba riziki yake inamrudisha kwao.

Sasa, katika mnada wa vitu vya jeshi Bwana Gulamali alikuwa amenunua na simu ya upepo moja, kasha la chuma lililopakwa rangi ya kijani, zito kama gunia la mchele, na vikombe vyake vya kuvaa masikioni na betri zake za bei kubwa. Kwa majuma mawili kasha hilo lilikaa juu ya meza ya Marijani, naye akalifungua na kulisafisha kwa brashi ya manyoya ya mbuzi. Waya wake wa kunasia sauti aliutoa dirishani akaufunga kwenye nguzo ya uani. Hamisa akauona unafaa, akaanikia kanga zake, na Marijani akirudi kazini anakuta simu imekufa, ananyanyua kanga moja moja.

Swali lililomleta Bwana Gulamali siku ile lilikuwa hilo: chombo kinachokwenda ziwani, kichukue simu au kisichukue? Alikuwa amewauliza wengi. Wafanya biashara wenzake walimwambia anajitia uzungu. Wa bandarini walimwambia hili, wengine lile. Sasa alimtaka Marijani amwambie kwa kinywa chake.

Marijani alimweleza polepole. Kwamba katika ziwa lile dhoruba huinuka upesi kuliko chai inavyochemka. Kwamba kuna visiwa visivyo na watu, na mahali ambapo ukikwama unaweza kukaa juma zima bila kuona mtu. Kwamba mashine ni chuma, hufa ikitaka yenyewe. Wakiwa na simu, kila asubuhi kwa saa waliyopatana watasema na bandari, na siku watakayonyamaza watu watajua.

“Simu haizuii dhoruba, Bwana Gulamali,” akasema. “Simu inawaambia watu wakutafute wapi.”

Revelian naye akasema mie bila simu sina raha, mie ndiye nitakayekuwa mle ndani. Bwana Gulamali akatikisa kichwa, karibu ameridhika. Akauliza ni nani basi atakayeifunga simu hiyo chomboni na kumfundisha Gregori kuitumia. Marijani akajibu kwamba itabidi aende mwenyewe, karakana itampa ruhusa, na mpaka yule nahodha aizoee, safari ile itachukua miezi minne.

Nyuma ya pazia mkono wa Hamisa ulisimama juu ya mbuzi.

Miezi minne. Alihesabu kwa vidole vilivyojaa machicha. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa maiti wakati Marijani yuko Bama, akazikwa na wajomba. Wa pili, binti, aliishi siku tisa, na Marijani wakati huo alikuwa Lindi amepelekwa kutengeneza simu ya huko. Aliporudi alikuta kaburi limekwisha kuota nyasi. Mara zote mbili Hamisa alilala chini akautazama mlango, na mlangoni hakuingia aliyemtaka. Huyu wa tatu alimwogopa hata kumshonea kofia.

Utasema, si angemwambia mumewe? Lakini wanawake wa kwao hawakulelewa hivyo. Mama yake alimfundisha tangu kigori kwamba mume akiaga safari ya kazi, mwambie Mungu akufikishe, basi. Usimfunge mguu. Ukimfunga mguu, riziki yake ikikatika itakukalia wewe shingoni maisha yako yote. Mwanamke wa maana humfungashia mumewe mkate wa kumimina, humfukizia udi, na machozi yake huyamaliza ndani ya mto. Marijani alipokwenda Lindi alifanya vivyo hivyo, na watu walimsifu.

Basi hakusema alilokuwa nalo moyoni. Alisema jingine. Temeke nzima ilimjua Hamisa kwa ulimi wake. Harusini akianza kutunga, hata bibi harusi aliyeinamishwa kichwa huchekea ndani ya ushungi. Akakohoa kidogo nyuma ya pazia.

“Mniwie radhi, wanaume,” akasema. “Bwana Gulamali, ziwa ni maji ya kuoga yaliyokosa beseni. Sasa huyo nahodha wako akikamata simu atasema nini? Atasema, nimeloa?”

Revelian ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Bwana Gulamali akacheka mpaka kikombe kikamwaga kahawa kwenye kanzu yake, naye Hamisa hakumwacha apumue. Akamwambia kwamba baba yake, serahangi Hija, mkuu wa mabaharia, amekaa majini miaka thelathini na hakuwa na sanduku la kumwitia mama yake. Akamwambia wavuvi wa ziwani watakuja pwani kuitazama motaboti inayozungumza peke yake kama mwenda wazimu, na wafanya biashara wa Mwanza watampa jina la Gulamali Simu. Hilo la jina lilimpata. Bwana Gulamali aliogopa hasara, lakini kuchekwa alikuogopa zaidi.

Hapo mambo yangeweza kuishia kwenye mzaha. Lakini Bwana Gulamali, kwa desturi yake, aliuliza. Alifuta kahawa kwa leso, akageukia pazia, akasema kwa upole kwamba sasa aulize kweli: yeye Hamisa ni mtoto wa serahangi, ameyajua maji tangu tumboni, anaonaje?

Na Hamisa akajibu kwa sauti ya mtu mzima, bila kicheko ndani yake. “Ziwa si bahari, Bwana Gulamali. Kule hata ukipotea unapotelea mbele ya macho ya watu.”

Sasa sikiliza. Serahangi Hija alikuwa serahangi wa tishali. Kazi yake ilikuwa kuchukua mizigo kutoka melini kuileta gatini na kuirudisha, miaka thelathini, maji hayo hayo. Hakupata kutoka nje ya mlango wa bandari. Alikufa hajaiona Bagamoyo kwa njia ya maji. Na Hamisa mwenyewe ziwa hakuliona hata kwenye picha. Alilijua hilo alipokuwa akisema, na baada ya kusema alirudi kukuna nazi kwa nguvu mpaka akajikwaruza kidole.

Bwana Gulamali alisema basi, simu ibaki. Marijani alilitazama pazia. Hakubisha. Yeye ndiye angelipwa kama simu ingekwenda, na mtu wa namna ile huona haya kulisukuma shauri linalomletea riziki mwenyewe. Kasha la kijani likaingizwa chini ya kitanda chao mpaka lipatiwe mahali dukani, na mahali hapo hapakupatikana.

Juma lililofuata, kwenye bomba la maji, Auleria alimvuta Hamisa pembeni, ndoo zao zikabaki kwenye foleni. Akamwambia kwamba Revelian halali usiku. Amesema hapandi chombo kisicho na simu, kesho anakwenda dukani kumwambia Bwana Gulamali atafute fundi mwingine. Na kazi kama ile, ya kumrudisha mtu kwao kila mwezi akamwona mama yake, ataipata wapi tena? Akamshika mkono.

“Shoga, wewe mtoto wa maji. Niambie kweli yako. Ile simu ina haja au haina haja?”

Pale Hamisa alikuwa na nafasi. Bomba lilikuwa linatiririka, hapana mwanamume, hapana wa kucheka. Alifikiri kwamba Revelian akienda kugoma, simu itatoka chini ya kitanda, na ikitoka, Marijani atatoka nayo. Akasema, “Haina haja.” Akaongeza kwamba wanaume wanapenda vyombo kama watoto wanavyopenda filimbi. Auleria akashusha pumzi, akacheka, akaenda kumtuliza mumewe.

Revelian akapanda treni, na mkewe akabaki Temeke mpaka chombo kishike njia yake.

Miezi miwili ya mwanzo barua zilikuja nzuri. Nurbanu inakwenda vyema, Gregori ni mtu wa mizaha, samaki wa huku wakubwa kama milango. Auleria alimsomea Hamisa barua hizo kibarazani, akimfasiria Kihaya kilichochanganywa mle, na Hamisa akapona kidogo. Akaanza kushona ile kofia. Kila jioni Marijani aliegemeza baiskeli ukutani, naye Hamisa akisikia mlio wa kengele yake huwaza kwamba neno lake lilikuwa jema, halikumdhuru mtu.

Kisha, mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, Bwana Gulamali alikuja Temeke kwa miguu kutoka kituo cha basi, kofia mkononi, karatasi ya simu ya waya kutoka Mwanza mfukoni. Chombo kilikuwa kimetoka Mwanza Jumatatu na hakikufika Bukoba. Dhoruba ilikuwako. Watu wanatafuta, ila ziwa ni kubwa na hawajui watafute upande gani.

Hawajui watafute upande gani. Hamisa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jirani yake, mkono kiunoni, akayasikia maneno hayo yakisomwa.

Jioni ile Marijani alilivuta kasha kutoka chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akakaa nalo bila kulifungua. Kisha akamwuliza mkewe kwa nini siku ile alisema vile. Hamisa akajibu alikuwa akifanya mzaha tu. Marijani akafikiri.

“Mie nilidhani unajua jambo,” akasema. “Ulisema kama mtu anayejua.”

Akalirudisha kasha mahali pake.

Uchungu ulimshika Hamisa asubuhi ya Ijumaa. Marijani alikimbia kumleta Bi Somoe, mkunga, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyewapokea nusu ya watoto wa Temeke. Na nani mwingine aliingia? Auleria, macho yamevimba kwa kulia, hajala tangu jana. Bi Somoe alimwambia arudi kwake akapumzike, mwenye msiba haitwi kwenye uzazi. Auleria akasema heri mikono yake iwe na kazi. Akakaa nyuma ya Hamisa, akamwegemeza kifuani, akamshika chini ya kwapa.

Ilipofika saa sita mchana uchungu ulisimama. Mtoto hasogei. Bi Somoe akafanya kama wakunga wa pwani wanavyofanya: akamwambia mzazi atake radhi. Mtoto hukwama mahali palipokwama jambo. Hamisa akatakiwa amtake radhi mumewe, na Marijani akajibu kutoka nje ya dirisha kwamba amemwia radhi dunia na akhera. Kisha Bi Somoe akasema, na jirani yako huyu anayekushika, mtake radhi.

Hamisa akafumba macho. Kichwa chake kilikuwa begani mwa Auleria, akausikia moyo wa mwenzake unavyopiga. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini desturi ina maneno yake yaliyokwisha kutengenezwa, mepesi, yanayomfaa kila mtu, akayashika hayo. “Auleria, nisamehe nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua.”

Auleria hakuijua desturi ile. Kwao mambo ya toba hupelekwa kwa padri. Bi Somoe akamfundisha la kujibu. Akasema, polepole kama mwanafunzi, “Nimekuwia radhi, shoga yangu. Hukunikosea kitu.”

Na mtoto akasogea. Hata nusu saa haikupita. Mwanamume, mzima, analia kama tarumbeta. Marijani akaingia, akamwadhinia sikioni, akaketi sakafuni kando ya kitanda, akaushika mguu wa mkewe juu ya shuka asijue la kufanya kwa furaha. Kila kitu alichokitaka Hamisa kilikuwa ndani ya chumba kile. Naye akajigeuza ukutani. Wakamwacha, wakidhani amechoka. Alikuwa anajiona kama mtu aliyelipia kitu kwa shilingi ya bati, na mwenye duka akamfungia kwa karatasi nzuri.

Nurbanu ilipatikana Jumatatu iliyofuata, imepanda fungu la mchanga kando ya kisiwa kisicho na watu. Mashine ilizimika katikati ya dhoruba. Revelian alipokuwa akiitafuta kasoro, chombo kiliruka, na gurudumu la mashine likamkamata mguu wa kulia. Gregori alimfunga kwa kipande cha shati lake. Wakakaa siku sita. Walikuwa wazima wote wawili, ila mguu ulikwisha kuoza, na ukakatwa chini ya goti. Daktari alisema, hivyo barua ilivyoeleza, kwamba angeletwa siku ya kwanza au ya pili mguu ungepona.

Hamisa akakaa arobaini yake ndani, na wanawake wakaja kumwona mtoto. Wakila uji wa pilipili manga juu ya mkeka wake, waliongea jambo moja. Mhindi yule. Mhindi kaibania simu mtu apotee, kisa gharama ya betri. Mmoja akatia na kijembe: Gulamali anauza kamba, kwa nini hakuwafunga kamba akawashika mwenyewe toka dukani? Wakacheka. Mwingine akamgeukia Hamisa, si simu yenyewe iko humu humu chini ya kitanda, shoga, wewe shahidi? Na Hamisa, mtoto kifuani ananyonya, akatikisa kichwa kukubali. Baadaye kutikisa kule kulimwuma kuliko maneno yote mawili aliyoyasema.

Akaacha kutania. Auleria akaja na ndizi zake, akangoja mzaha, mzaha usije, akasema uzazi umekufanya bibi mzee. Mara tatu Hamisa alimwanza, “Auleria...” na mara tatu akamalizia kwa kuomba chumvi.

Revelian alirudi kwa treni baada ya miezi miwili. Siku ya Jumapili majirani walikwenda kumpa pole, wakapungua pungua, mpaka asubuhi ikielekea adhuhuri wakabaki Marijani, na Hamisa na mtoto wake mapajani. Revelian alikaa kwenye kiti cha mikono, magongo yameegemezwa ukutani, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini kubwa. Hakuwa mtu wa kujililia. Aliwahadithia jinsi Gregori alivyokuwa akimwimbia nyimbo za harusi ili asilale, naye hana sauti hata ya kufukuzia kuku. Aliwahadithia kuhusu meli.

“Ilipita mara mbili,” akasema. “Mbali, lakini tukauona moshi. Gregori akapunga nguo mpaka mikono ikafa. Wao na simu yao, sie na shati.”

Akacheka kidogo. Marijani akatazama chini. Hamisa akamvuta mtoto karibu zaidi, mpaka mtoto akanung’unika.

Ndipo Bwana Gulamali akabisha hodi. Alikuwa amekonda. Nyuma yake mchukuzi aliteremsha gunia la mchele. Alimpa Revelian mkono, akasema kwamba kazi ya kutunza ghala dukani kwake ni yake, ya kukaa, kwa muda wote atakaoitaka. Auleria alitoka uani na mwiko mkononi. Hakumwamkia. Alimwambia mchukuzi alinyanyue gunia lile, nyumba hii haili mchele wa mtu aliyepima mguu wa mumewe kwa betri. Akamwuliza Bwana Gulamali kama zile betri bado ni nzima, maana alizitunza vizuri. Revelian akamwambia amwache mgeni. Hakumwacha. Akasema yote yaliyosemwa juu ya mkeka wa Hamisa, na mengine.

Bwana Gulamali alisimama, kofia mikononi. Mara moja tu aliinua macho, akamtazama Hamisa. Hakumtazama kwa hasira. Hamisa akaona kwamba anakumbuka kila neno: beseni, serahangi Hija, macho ya watu. Na akaona kwamba hatasema. Alikunywa kahawa katika nyumba ya Marijani. Hawezi kumfedhehesha mke wa mtu mbele ya mumewe.

“Chombo changu,” akasema Bwana Gulamali, “na kosa langu.”

Hapo Auleria alikosa wa kugombana naye, na hasira isiyo na wa kuipokea ikamrudia mwenyewe. Alikaa chini sakafuni na mwiko wake. Akaanza kujipiga paja taratibu. Akasema kwamba mume wake huyu alikataa kupanda. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu kwenda kukataa. Ni nani aliyemvua?

“Mie ndiye niliyemwambia asiwe mwoga,” akasema. “Nilimwambia simu ni filimbi ya watoto. Mguu huu nimeukata mie.”

Revelian alinyoosha mkono akamshika bega, akamwambia hapana, lakini hakuwa na la kumthibitishia kwamba hapana. Marijani alikuwa anamtazama mkewe. Hamisa alimwinua mtoto, akampa baba yake. Kisha akasogea kwa magoti juu ya sakafu mpaka alipokaa Auleria, akaushika ule mkono uliokuwa unapiga, akauzuia.

“Auleria, nisamehe nililokukosea kwa kujua...” akaanza, akakatisha. Maneno yale yalimwishia mdomoni kama makumbi. Akayaacha.

“Usijipige,” akasema. “Neno la filimbi ni langu, nami nilikupa nikijua si kweli. Bwana Gulamali alitaka simu iende. Mie ndiye niliyemgeuza, naye yupo hapo, ananisitiri. Baba yangu hakupata kutoka bandarini. Ziwa silijui. Lakini Marijani alilisema lote, saa ya dhoruba, visiwa, kutafutwa, na mie nilikuwa nyuma ya pazia nalisikia neno kwa neno, nikamwamini. Nilijua mumewe angalikwenda na ile simu miezi minne...”

Akajisahihisha, kwa sababu alikuwa tena anajisema kama mtu mwingine.

“Mume wangu. Nilizika wawili peke yangu, Auleria. Si simu niliyotaka ibaki. Nilitaka Marijani akae nyumbani, nikizaa awepo.”